Lebo ya Friza la Mama Hadija

Jumanne, 15 Julai

Povu tena leo. Mafriji manne, yote povu. Sabuni ya unga kwenye kopo la maji, unakoroga kwa brashi hadi povu liwe zito, unapaka kwenye kila kiungo cha bomba, unasubiri. Gesi ikivuja, povu linaota jipu. Nimepata majipu mawili kabla ya saa nne. Fundi Mbaruku hakusema kitu. Kwake kutosema kitu ndiyo sifa.

Wiki ya nne ya fildi, mafunzo ya vitendo ya chuo, kati ya sita. Kila siku naandika nilichofanya kwenye kitabu, kila Ijumaa fundi anasaini. Wiki ya mwisho mwalimu anakuja kukagua. Ukurasa ukikosa saini, fildi haihesabiki. Fildi isipohesabika, unarudia mwaka.

Mimi siwezi kurudia mwaka. Mama hawezi kukimbizana na mwanangu Zulfa mwaka mwingine mzima. Magoti yake yamesema basi.

Saa tano maziwa yamevuja. Ovaroli ya bluu nzito imenisitiri. Zulfa ana miezi kumi na minne, mchana anakunywa uji kwa bibi yake, lakini matiti hayajui ratiba ya chuo.

Pale kibandani kwa fundi hakuna anayeniita Somoe. Naitwa Chuo. Chuo lete spana. Chuo sogeza kreti. Nimechoka. Nina furaha. Vyote viwili, wala havigombani.

Alhamisi, 17 Julai

Nimebishana na fundi.

Chuoni tumefundishwa: kabla ya kutia gesi mpya, washa pampu inyonye hewa yote ndani ya mabomba. Nusu saa, isipungue. Fundi yeye anafungulia gesi kidogo, inasukuma hewa nje, psss, kamaliza. Miaka ishirini anafanya hivyo. Pampu anayo, kaifunika gunia.

Nikamwambia unyevu unabaki ndani, halafu unaganda, unaziba kile kijibomba chembamba. Akasema, "Chuo, mafriji ya Kariakoo hayajasoma." Wauza redio wa kibanda cha pili wakacheka.

Nikaitoa pampu kwenye gunia. Nikaifuta vumbi. Nikaiwasha. Nusu saa nzima nimesimama pale nimekunja mikono, kila mpita njia ananitazama kama nalinda benki. Fundi anakunywa kahawa.

Friji lile limegandisha kuliko la jana. Fundi kaligusa, kaondoka. Ila gunia kalikunja, kaliweka juu ya rafu. Pampu imebaki nje.

Jumamosi, 19 Julai

Leo fundi kanifundisha kitu ambacho kwenye daftari langu hakimo.

Bomba la kurudisha gesi linapimwa kwa mgongo wa mkono. Si kiganja. Kiganja cha fundi kimeshakuwa gome, anasema, kimeungua mara nyingi, kitakudanganya. Mgongo wa mkono bado unasema kweli. Bomba liwe na baridi ya jasho tu. Likiota barafu, gesi umezidisha.

Nikamwambia mbona hivi ndivyo nampima Zulfa homa.

Akasema, "Basi fildi ulishaanza kabla hujaja kwangu."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa mpigo. Nimetembea nayo hadi Ilala. Nyumbani nimegusa shavu la Zulfa, nikagusa mtungi wa maji, nikagusa ukuta. Mama kauliza kama naumwa.

Jumatatu, 21 Julai

Siku yangu kubwa. Niandike vizuri.

Mama Hadija kaleta friza lake. Ni mkaanga samaki, meza yake iko upande wa Mnazi Mmoja, alfajiri ananunua soko la samaki la Feri, mchana anakaanga. Sauti yake inafika dakika mbili kabla yake. Friza lenyewe la mtumba, refu, la kufungulia juu. Haligandishi. Na ana oda ya pweza, arusi ya Ijumaa.

Fundi alikuwa ameitwa Upanga, kiyoyozi cha ghorofani. Kachukua mkoba wake, kanielekeza kwa kidevu: hili la kwako. Mwanzo hadi mwisho. Peke yangu.

Mama Hadija kashika kiuno. "Mbaruku, unaniachia mtoto wa watu? Huyu si ananyonyesha huyu!"

Fundi hata hakugeuka. "Kwani friza lako linanyonya?"

Nilifanya hivi. Gesi yote ilikuwa imeshatoka. Nikatafuta pa kuvuja, nikapapata kwenye kiungo cha filta. Nikabadilisha filta. Nikachomelea, weldi safi, haina hata donge. Nikapima kwa povu. Nikawasha pampu nusu saa. Halafu lebo ya nyuma ya friza: gesi aina ya 134, na gramu zake zimeandikwa. Nikaweka mtungi kwenye mizani, nikatia gramu zile zile, haikuzidi hata moja.

Fundi karudi alasiri. Mgongo wa mkono kwenye bomba. "Tayari."

Kitabuni nimejaza ukurasa mzima. Mwandiko wangu mzuri kabisa, ule wa barua.

Jumanne, 22 Julai

Friza limerudishwa kwa mkokoteni. Nimetembea pembeni yake njia nzima, mkono juu ya kifuniko, kama natembeza bibi arusi. Mama Hadija kaniita mwanangu. Kapanga pweza wake humo akiimba.

Mwanamke wa kwanza kibandani pale. Naandika tu hapa, hakuna anayesoma: najivunia.

Alhamisi, 24 Julai

Mama Hadija kaja saa mbili asubuhi. Hakusalimia. Kamwaga ndoo mbele ya kibanda.

Pweza. Wamekuwa rangi ya maji ya kufulia.

Friza liligandisha siku ya kwanza. Jana likaanza kukata. Linawaka, linakata, linawaka, linakata. Leo alfajiri kafungua kifuniko, harufu ikamrudisha nyuma. Arusi ni kesho.

"Nilisema mimi! Chuoni wamemfundisha kuandika, friza hawajamfundisha!" Mtaa mzima umesikia. Wauza redio safari hii hawakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nilimwambia samahani mama. Sikulia mbele yake. Nilikwenda choo cha soko, nikalia, nikanawa, nikarudi.

Fundi kampigia rafiki yake wa Feri, kesho alfajiri pweza wengine watapatikana. Arusi imepona. Mimi bado.

Ijumaa, 25 Julai

Friza limerudi kibandani. Kompresa ina moto, mgongo wa mkono haukai hata kidogo. Nimerudia kila kitu. Halivuji popote. Hewa haikubaki. Gramu ni zile zile za lebo. Kila kitu sahihi na friza linakufa.

Kikabaki kitu kimoja. Kompresa yenyewe imepakwa rangi nyeusi, nzito, kama lami. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nikachukua wembe, nikaanza kukwangua.

Chini ya rangi kuna lebo ya kompresa. Gesi ya 600.

Nilikaa chini.

Yaani friza lilitoka kiwandani na kompresa nyingine, ya 134, na lebo ya nyuma ni ya siku hizo. Kompresa ikaja kubadilishwa, ikafungwa hii. Lebo ya nyuma ikaachwa vile vile. Mimi nikaisoma, nikaiamini, nikatia gesi ambayo kompresa hii haijaumbiwa. Ikazidiwa, ikapata moto, ikawa inajizima. Ni kama kumlisha mtoto wa miezi mitatu ugali kwa sababu umeshika kadi ya kliniki ya kaka yake.

Si hilo tu. Pembeni ya lebo kuna alama. Herufi M na mstari chini yake, imechorwa kwa msumari. Alama hiyo naijua. Fundi Mbaruku anaichora kwenye kila kompresa anayofunga yeye, mteja asije akabadilishiwa kwingine.

Nikamwita. Kainama. Kaipitishia kidole.

"Zamani hii," akasema. "Hata Mama Hadija alikuwa hajalinunua. Rangi wamepaka waliomuuzia."

Halafu, kwa sauti ya chini: "Usiliandike hili. Andika hitilafu ya umeme."

Leo ni siku ya saini. Hakusaini. Kasema Jumatatu.

Jumapili, 27 Julai

Zulfa ana mafua. Hakutaka kuwekwa chini tangu asubuhi. Naandika naye kifuani, herufi zinapanda mlima.

Nimefikiri hadi kichwa kinauma. Kuandika umeme ni rahisi. Dar nzima itaniamini, nani hajakatikiwa? Wapo darasani kwetu wanaoandika fildi yote siku moja, wanabadilisha kalamu ili ionekane ni siku tofauti.

Na fundi nina deni lake la wema. Karakana tatu zilinikataa. Moja waliniambia nirudi mtoto akianza shule. Yeye aliuliza tu, "Unaogopa moto?" Nikasema hapana. Akanipa ovaroli. Leo nimwandike kwa walimu kwamba kaacha lebo ya uongo? Na asiposaini? Mwaka mzima.

Nimemweleza Mama yote, mwanzo mwisho. Kanisikiliza akipepeta mchele. Kasema, "Mwanangu, mambo ya mafriji mimi siyajui. Mkamue mtoto pua."

Nikamkamua pua. Nikachukua kadi yake ya kliniki nione kama chanjo imekaribia. Na kwenye kadi, pale alipokuwa wa miezi tisa, nikaona kitu nilichokuwa nakiona siku zote. Nesi alikosea uzito wa Zulfa. Hakufuta. Alikata kwa mstari mmoja, akaandika uzito sahihi pembeni, akasaini. Kosa bado linasomeka.

Yule nesi ndiye ninayemwamini kuliko wote pale kliniki. Sikuwahi kujua kwa nini.

Sitaandika umeme.

Jumatatu, 28 Julai

Nimefika kabla ya fundi. Nimefungua ukurasa wa Jumatatu iliyopita, ule wa mwandiko wa barua. Pale nilipoandika "gesi ya 134" nimekata kwa mstari mmoja. Pembeni nikaandika 600 na jina langu. Halafu ukurasa mpya, yote. Kompresa ilibadilishwa zamani, lebo ya nyuma haikubadilishwa. Mimi niliamini lebo, sikukwangua rangi. Pweza wakaharibika.

Jina la aliyefunga kompresa sikuandika. Hilo si langu kuliandika.

Fundi alipoingia nikamwamkia shikamoo, nikampa kitabu mkononi. Anasoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Midomo inatembea. Nilisimama. Moyo unapiga kama pampu mbovu.

Kamaliza. Kafunga. Kakiweka kitabu juu ya rafu, chini ya lile gunia. Hakusaini.

"Katengeneze friza la watu."

Nimetengeneza. Gesi ya 134 nimeikusanya kwenye mtungi, sikuiachia hewani. Filta mpya, weldi mpya, pampu nusu saa. Hii ya 600 inashika moto kama ya jikoni, kwa hiyo friza nimelisogeza nje, na muuza kahawa nikamwambia ahamishe jiko lake la mkaa. Kanuna. Nikamwambia tena. Kahamisha. Gramu zenyewe chache, hata nusu ya zile hazifiki. Nilizidondosha kama dawa ya mtoto.

Saa tisa bomba lilikuwa na jasho. Kompresa ya uvuguvugu tu. Mgongo wa mkono ukakaa.

Na bado sina saini.

Jumatano, 30 Julai

Friza linawaka kibandani siku ya tatu, limejaa chupa za maji. Halijakata hata mara moja. Sitaki liondoke hadi nijiridhishe. Mama Hadija kapita jana, kagonga kifuniko, kaondoka bila neno. Kwa Mama Hadija hiyo ni hotuba.

Ile lebo ya zamani nimeikata kwa mstari mmoja. Chini yake nimebandika mpya, karatasi ya gundi, wino usiofutika. Aina ya gesi. Gramu. Siku niliyotia.

Kitabu bado kipo chini ya gunia. Ya kila siku naandika kwenye karatasi, naichomeka kwenye jalada lake bila kukifungua. Kila nikipita nakitazama. Fundi ananiona nikikitazama. Hatuongei habari yake. Tunaongea spana.

Mwalimu anakuja keshokutwa.

Sijutii. Naogopa, ila sijutii. Ziwa moja limevimba. Zulfa mafua yamepungua.

Ijumaa, 1 Agosti

Mwalimu Ngowi kaja saa nne, viatu vimeng'aa, faili kwapani. Kakaa kwenye kreti la soda kama mgeni wa heshima. Kaomba kitabu.

Nikamtazama fundi. Akainuka. Akaenda kwenye rafu, akainua gunia, akapuliza vumbi, akampa.

Mwalimu anafungua. Wiki ya kwanza, saini. Ya pili, saini. Ya tatu. Ya nne. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikihesabu kurasa kwa pumzi. Wiki ya tano, ule ukurasa niliokata. Saini. Ule mpya wa pweza.

Saini. Na chini ya saini, herufi kubwa, zimelalia upande, hazina nukta wala mkato:

KOMPRESA NILIFUNGA MIMI LEBO SIKUBADILI KOSA LA KWANZA LANGU LA PILI LAKE KALITAFUTA MWENYEWE KALIPATA

Mwalimu kavua miwani. Kauliza kama maneno hayo ni ya fundi.

"Mwandiko mbaya, mwalimu," fundi akasema. "Maneno ni yangu."

Ya sita, zile karatasi zangu, saini.

Halafu mtihani. Kanipa friji nisilolijua, lililoletwa juzi, kasema nianze. Nikachukua wembe kwanza, nikakwangua kompresa. Mwalimu akauliza mbona sijaenda kwenye lebo ya nyuma. Nikamwambia ile inasema friji lilivyotoka kiwandani. Kompresa inasema lilivyo leo. Nasoma zote mbili, zikigombana naifuata kompresa.

Kaandika. Kaandika tena. Kaniambia fildi imehesabika, na alama atazituma chuoni, nisiwe na wasiwasi.

Alipokuwa anaondoka kamuuliza fundi kama mwaka kesho atapokea wanachuo wengine. Fundi kajikuna shingo.

"Niletee wanaonyonyesha."

Wauza redio walicheka hadi kibanda kikatikisika. Na mimi nilicheka. Machozi yalitoka, nikasema ni vumbi.

Jumamosi, 2 Agosti

Leo nimempeleka Zulfa mjini, mgongoni, ndani ya kanga. Fildi imekwisha lakini nilitaka kulisindikiza friza mwenyewe. Wasukuma mkokoteni walishalifikisha nilipowasili. Limewekwa mahali pake, linanguruma, pweza wa leo wamo.

Mama Hadija hakuomba radhi, na mimi sikumngojea aombe. Kafunga kipande cha samaki changu kwenye gazeti, kasema ni cha mama yangu aliyenilelea huyu. Kamtazama Zulfa. "Na huyu naye atakuwa fundi?" Nikasema atakuwa anachotaka, ila atajua kusoma kompresa.

Zulfa nimemshusha. Kapiga ubavu wa friza kwa kiganja, pa pa pa. Nikaushika mkono wake, nikaugeuza, nikauweka kwa mgongo kwenye ukingo wenye baridi. Kaduwaa. Kauondoa. Kaurudisha mwenyewe.

Nikazunguka nyuma kuangalia lebo yangu kama imeshika. Imeshika. Aina ya gesi, gramu, siku. Na chini yake kuna mstari ambao mimi sikuuandika. Herufi kubwa, zimelalia upande.

FUNDI SOMOE

Nilibaki huko nyuma kidogo.

Mama Hadija kaita, "We mwanangu, kuna nini tena huko nyuma?"

Nikamwambia hakuna kitu, mama. Linagandisha vizuri tu.